Zana za jometri za mkono: zipi zinafundisha, zipi zinapamba ukuta

SWALI: "Nafundisha Hisabati Darasa la Sita katika shule ya msingi iliyo pwani ya mkoa wa Tanga. Nina wanafunzi 92. Likizo ya Desemba nilikaa na manila, mkasi na gundi nikatengeneza maumbo yote: mchemraba, mche mstatili, mcheduara (umbo la kopo), pia (umbo la koni) na piramidi. Nikayapaka rangi na kuyaning'iniza darasani. Mthibiti ubora alipopita aliyasifu sana. Lakini likija swali la ujazo au la eneo la msambamba, watoto wanakosa vilevile kama wa mwaka jana. Je, zana hizi zinasaidia kweli au tunajichosha bure? Na kama zinasaidia, nitengeneze zipi kwa hela ya kununulia chaki?"

JIBU: Mwalimu, pole na hongera kwa pamoja. Zana za mkono zinasaidia, tena sana, na kazi uliyoifanya Desemba haikupotea. Ila aliyejifunza katika kazi ile ni wewe. Ni wewe uliyehangaika mpaka ukaona kwamba pia haitoki kwenye pembetatu, inatoka kwenye kipande cha duara. Ni wewe uliyegundua kuwa mfuniko wa mcheduara haukai mpaka mstatili wake ulingane na mzingo wa duara. Watoto wamekuta majibu yote tayari, yamepakwa rangi, yananing'inia juu ya vichwa vyao wasikoweza hata kuyagusa.

Nimefundisha walimu watarajiwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nimeona makabati ya chuo yamejaa maumbo mazuri yenye vumbi. Wala si ugonjwa wa kwetu peke yetu. Ujerumani, miaka ya 1870, Felix Klein na Alexander Brill walikuwa wakifundisha jijini Munich, na wanafunzi wao walitengeneza kwa plasta maumbo ya jometri ya juu: nyuso zilizopinda, zenye matundu, zenye ncha. Ilikuwa sehemu ya masomo. Mwanafunzi alifanya hesabu za umbo lake, kisha akalifinyanga. Baadaye maumbo hayo yakawa bidhaa, vyuo vikuu vikawa vinayanunua yakiwa tayari, na mwaka 1893 Klein aliyapeleka hadi kwenye maonyesho makubwa ya Chicago. Leo mengi yapo kwenye kabati za vioo, Göttingen na kwingineko. Yanapendeza kuyatazama, lakini hesabu ilibaki mikononi mwa waliofinyanga.

Kwa hiyo mimi, kabla ya kushika mkasi, najiuliza swali moja: mtoto ataifanyaje zana hii? Ataisukuma? Ataichana? Ataimiminia kitu? Na je, anaweza kuikosea, akaona mwenyewe kwamba amekosea? Kama jibu ni "ataitazama", siitengenezi.

Nianze na msambamba kwa sababu umeutaja, na kwa sababu ndipo watoto wengi wanapopotelea. Usitengeneze msambamba. Tengeneza mstatili unaolegea. Chukua mirija ya soda, na kama hakuna, vikonyo vya majani ya mpapai, vile vyenye tundu ndani ambavyo watoto wanavichezea. Kata vinne: viwili vya sentimita 20, viwili vya 15. Pitisha uzi ndani ya vyote vinne, kaza, funga fundo. Kikonyo cha mpapai kitanyauka baada ya siku chache lakini kwa kipindi kimoja kinatosha, na ni bure.

Usimamishe uwe mstatili kamili. Waulize eneo: 20 mara 15, sentimita za mraba 300. Waulize mzingo: sentimita 70. Sasa, kabla hujagusa kitu, uliza: "Nikiusukuma ulale upande, mzingo utabadilika? Eneo je?" Wapigishe kura kwa mikono na uandike idadi ubaoni. Usiruke hatua hii, kwa maana mtoto aliyekwisha kuweka kura yake hawezi tena kutazama kwa uvivu. Utaona wengi wanasema havibadiliki vyote viwili, kwa kuwa mirija ni ileile. Basi sukuma taratibu. Endelea kusukuma mpaka mirija igusane na katikati kusibaki nafasi ya kupitisha hata kidole. Mzingo bado ni 70. Eneo liko wapi? Kuna darasa moja mtoto wa mbele aliniambia, "Mwalimu, limemwagika." Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo.

Hapo ndipo kimo kinapoingia, na kinaingia kwa sababu kinahitajika. Rudisha umbo lisimame kidogo, mtoto apime kwa rula kutoka kitako kwenda juu wima, si kwa kufuata mrija uliolala. Ukiulaza mpaka kimo kiwe sentimita 7.5, eneo ni 150, nusu kamili ya la mwanzo, ilhali mrija wa ubavuni bado ni 15. Mtoto aliyeona hilo kwa macho yake hatazidisha tena pande mbili za msambamba. Akizidisha, mwambie tu: "Kumbuka limemwagika."

Ukiwa bado na uzi mkononi, funga mirija mitatu. Sukuma. Pembetatu haiendi popote. Waambie watazame juu: kama darasa halina dari wataona kenchi, na kila kenchi ni pembetatu juu ya pembetatu. Waulize fundi angepiga mbao nne tu bila ile ya mshazari ingekuwaje upepo wa kusi ukivuma. Dakika tano, basi, wala hakuna haja ya kuandika kitu.

Sasa ujazo. Maboksi yako ya manila yana kasoro moja ambayo si kosa lako: yamefungwa. Kwenye kitabu mche mstatili umechorwa kwa mistari tisa inayoonekana na mitatu ya nukta nukta, na watoto hawajui hiyo mitatu inatoka wapi. Wengine hudhani ni mapambo. Boksi lililofungwa haliwezi kuwaonyesha, maana linaficha kilekile ambacho kitabu kinajaribu kukifichua. Wanachohitaji ni mifupa ya umbo.

Fagio la chelewa lina njiti za kutosha darasa zima. Kwa kona tumia ndala kuukuu. Ikate vipande vya sentimita mbili mbili. Ndala moja inatoa zaidi ya 40, na mchemraba mmoja unahitaji vinane tu. Njiti unazichoma ndani ya kipande cha ndala zikashika. Kama huna ndala, loweka dengu au njegere usiku kucha: asubuhi zinachomeka, na zikikauka zinasinyaa na kuishika njiti vizuri. Si ujanja wangu huo. Friedrich Fröbel, Mjerumani yuleyule aliyeanzisha chekechea, aliwapa watoto njegere zilizolowekwa na vijiti wajenge maumbo, katika karne ya 19.

Kila kikundi kikate njiti 12 zinazolingana. Hapa ndipo "kingo 12, kona 8, nyuso 6" zinapoacha kuwa wimbo. Kikundi kitakachokata njiti moja fupi kitapata mchemraba uliopinda na kitajua chenyewe. Kisha mtoto aweke mifupa hiyo mbele yake juu ya dawati, afumbe jicho moja, achore anachokiona kutoka pale alipokaa. Michoro haitafanana na ndivyo inavyotakiwa. Sasa mpe karatasi azibe nyuso tatu zinazomtazama, na umuulize ni njiti zipi zimepotea. Tatu. Azichore kwa nukta. Nakuhakikishia ukifanya hivyo mara moja, picha ya kitabuni haitamtisha tena, na mtihani kwa kawaida huja na picha, hauji na boksi.

Kuhusu pia na mcheduara nina deni la aibu la kulipa. Mwanzoni mwa kazi yangu niliwaahidi wanachuo kama 40 kwamba pia tatu za mchanga hujaza mcheduara mmoja wenye kitako na kimo kilekile. Nikamimina ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mchanga haukufika juu. Nikasema kwa sauti ya mkubwa kwamba umemwagika kidogo, tuendelee. Binti mmoja wa nyuma akasema, "Tumimine tena, Mwalimu, tuone." Tukamimina tena kwa uangalifu. Pia tatu na karibu theluthi ya nyingine. Kengele ilinikomboa.

Usiku ule nilipima. Mcheduara ulikuwa na nusu kipenyo cha sentimita 5 na kimo cha 12. Pia niliikata kutoka kwenye duara lenye nusu kipenyo cha 12, nikidhani nimelinganisha kimo. Kumbe ile 12 ilikuwa urefu wa ubavu wa mshazari, kutoka ncha hadi ukingo. Pia ilipojikunja, kimo chake cha wima kilishuka hadi sentimita 10.9. Kosa lilelile la msambamba, nimelifanya mwalimu mzima!

Vipimo sahihi ni hivi. Mcheduara: mstatili wa sentimita 31.4 kwa 12, ongeza sentimita moja ya kupaka gundi, na duara la nusu kipenyo 5 liwe kitako. Pia: chora duara la nusu kipenyo 13, kata kipande chenye pembe ya nyuzi 138.5, na hapa vilevile uache ukingo wa gundi. Kwa nini 13? Kwa sababu 5 mara 5 ni 25, 12 mara 12 ni 144, jumla 169, ambayo ni 13 mara 13. Ukikunja, kimo cha wima kinakuwa 12 barabara. Zungushia selotepu mara mbili mdomoni, la sivyo manila inabonyea na duara linakuwa yai. Tumia mchanga mkavu wa ufukweni uliochekechwa, usawazishe kwa rula, usishindilie. Usitumie mchele, saa tano asubuhi wapo watoto ambao hawajala, na si vizuri kuuchezea mbele yao.

Na ushauri wangu wa dhati: tengeneza pia mbili, ile sahihi na ile yangu ya kosa. Anza na ya kosa. Waache waone haijai, waache wabishane.

Wanafunzi 92 unawaona ni mzigo, na kweli kusahihisha madaftari 92 ni mzigo. Lakini kwa pembe za pembetatu idadi hiyo ni mali. Kila mtoto achore pembetatu yake kwenye karatasi ya daftari lililokwisha, yoyote aitakayo, nyembamba au nene. Aikate, atie alama ya kalamu kwenye kona tatu, kisha azichane kona hizo kwa mkono. Achane, asikate. Akikata kwa mkasi, kipande kinakuwa na pande tatu zilizonyooka na hajui tena kona halisi ni ipi. Akichana, upande wenye manyoya unamwambia si huo. Azipange kona tatu zikigusana kando ya rula. Zinalala kwenye mstari ulionyooka. Yake, ya jirani yake, ya yule wa nyuma kabisa, pembetatu 92 zisizofanana, zote nyuzi 180. Mwalimu mwenye wanafunzi kumi na watano hawezi kupata ushahidi mzito kiasi hicho kwa kipindi kimoja.

Ni ushahidi, sawa, lakini haujawa uthibitisho, na wale wepesi wa darasa wanastahili kulijua hilo. Kwa hao beba chungwa. Likate katikati kwa ulalo, kisha mara mbili kwa wima, mikato mitatu inayokutana kwa pembe mraba, upate vipande vinane. Menya ganda la kipande kimoja. Ni pembetatu yenye kona tatu, na kila kona ni nyuzi 90. Jumla 270! Mtoto atasema hiyo si pembetatu kwa sababu imevimba. Mwambie ajaribu kuilaza mezani. Inapasuka. Ndiyo maana hakuna ramani bapa ya dunia isiyonyoosha au kubana nchi mahali fulani, lakini hilo lina mwalimu wake wa Jiografia.

Siku moja watoe nje kwenye uwanja, na umwombe fundi mmoja wa ujenzi aje na kamba na vigingi. Wazazi wako hawatakosa mmoja. Atawaonyesha anavyopata kona mraba ya msingi kwa 3, 4, 5: sentimita 60 upande huu, 80 upande ule, na kati ya alama hizo mbili lazima isome mita moja. Baada yake waonyeshe njia ya majirani zetu wa kusini. Paulus Gerdes, mwanahisabati mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Msumbiji tangu miaka ya uhuru hadi alipofariki mwaka 2014, aliandika jinsi wajenzi wa vijijini huko wanavyopata mstatili bila rula wala kipimapembe. Wanachukua kamba mbili zenye urefu sawa na kuzifunga pamoja katikati yake. Mwanzi wenye upana wa nyumba unalazwa chini, ncha zake zinapigiliwa vigingi, ncha moja ya kila kamba inafungwa kwenye kigingi chake, kamba zinavutwa mpaka zikaze, na pale ncha nyingine mbili zinapofika vinapigwa vigingi viwili vya mwisho. Mstatili umekamilika.

Acha watoto wafanye, kisha uwaulize kwa nini umekubali. Fundo la katikati lina umbali sawa kutoka kila kigingi, yaani vigingi vyote vinne viko kwenye duara moja, na kila kamba ni kipenyo chake. Kona iliyo kwenye duara ikitazamana na kipenyo huwa nyuzi 90 daima. Darasa la Sita huenda wasifike hapo, na si lazima. Watosheke kubadilisha urefu wa mwanzi na kuona kwamba kila mara mstatili unatoka.

Kwa kuwa uko pwani, kuna zana nyingine iko ufukweni tayari imetengenezwa. Mwombe mvuvi akuazime dema, ule mtego wa samaki wa kusuka, kwa siku moja. Tundu zake ni pembesita, na zimesukwa kwa fito zinazokwenda njia tatu tu. Watoto wapime pembe: 120 kila kona. Tatu zikikutana ni 360, ndiyo maana zinalala bapa bila pengo. Kisha lete mpira wa miguu wa mtindo wa zamani, weupe wenye madoa meusi. Meupe ni pembesita 20, meusi ni pembetano 12, na kila kona hukutana pembetano moja na pembesita mbili: 108 na 120 na 120, jumla 348. Zimepungua nyuzi 12, karatasi haiwezi tena kulala, inainuka. Nimewahi kuona darasa la wavulana watundu likinyamaza kwa ajili ya hesabu hiyo.

Mengine nayapita haraka kwa sababu unayajua. Pai ipimwe kwa kopo, sufuria na ndoo, lakini uzi uwe wa katani, wa nailoni unavutika na kukudanganya. Duara likatwe vipande 16 vilivyopangwa kichwa na mkia ili kupata karibu mstatili. Kazi nzuri, ila ni ya mikono yenye subira, usiifanye mchana wa Ijumaa.

Kuhusu kuwasimamia 92: usiwape wote zana moja kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa nafanya makundi ya watoto sita, nusu ya makundi wakijenga, nusu wakifanya maswali ya daftari, kisha wanabadilishana. Kelele itakuwepo. Mwambie Mwalimu Mkuu mapema asije akadhani umetoka darasani.

Yamebaki yale maumbo yako ya Desemba. Yashushe. Anza na mchemraba: mpe kila mtoto nafasi ya kukisia ni kingo ngapi lazima zikatwe ili boksi lilale bapa likiwa kipande kimoja, andika makisio ubaoni, halafu mmoja aje mbele na mkasi akate ukingo mmoja mmoja huku wengine wakihesabu. Kila mara ni saba. Kingo ni 12, na nyuso sita zinahitaji viungo vitano tu ili zishikane. Wakishaamini, wape karatasi za mraba watafute njia nyingine za kulifunua. Zipo 11 kwa jumla, na ukipata kikundi kitakachofikisha nane kwa wiki moja, una kikundi kizuri. Rangi uliyopaka itakusaidia hapo, maana kila uso utajulikana ulikotoka.